Echovirus 13: jina la zamani, toleo jipya

Kwa kawaida hapa tunazungumza kuhusu programu, hifadhidata na seva zinazogoma usiku wa manane. Leo nataka tuzungumze kuhusu kirusi. Si kile cha kompyuta, bali kile chenyewe ambacho sisi watu wa tarakilishi tuliazima jina lake. Ninayo sababu. Historia ya jinsi wanasayansi walivyojifunza kutambua virusi vinavyoleta homa ya uti wa mgongo ni historia ambayo mwanaprogramu ataielewa haraka, kwa maana mwishowe inafika kwenye maandishi: herufi nne tu, maelfu kwa maelfu, na swali la nani amenakiliwa kutoka kwa nani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili, kwa sababu kwetu jina ni moja. Ukitaja homa ya uti wa mgongo, wengi wanafikiria ile inayoua mtu kwa siku moja au mbili, ile inayovuma msimu wa kiangazi katika ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Hiyo husababishwa na bakteria. Iko nyingine, ya virusi. Utando unaovimba ni ule ule unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na dalili za mwanzo ni zile zile: homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, macho kuogopa mwanga. Tofauti ni kwamba wengi wanaougua ile ya virusi hupona wenyewe baada ya wiki moja hivi, ingawa watoto wachanga sana wanaweza kuzidiwa. Lakini daktari aliyesimama mbele ya mtoto saa nane za usiku hawezi kuzitofautisha kwa kutazama tu. Hivyo anamdunga sindano ya mgongo, anachukua maji kidogo ya uti wa mgongo, anamwanzishia antibayotiki, kisha watu wanasubiri.

Mtoto wa dada yangu aliwahi kulazwa namna hiyo. Dada aliuliza swali moja tu kwa siku tatu mfululizo: ni ile ya kuua, au ni ile nyingine? Jibu lililotoka maabara lilikuwa kwamba hakuna kitu kilichoota. Mtoto akapona, tukarudi nyumbani, na hadi leo hakuna anayejua alikuwa na nini. Wale wanaoandika programu wanaijua hali hii: hakuna ujumbe wa kosa, hakuna matokeo, na tatizo limetoweka lenyewe.

Hiyo "hakuna kilichoota" ndiyo historia yenyewe ya ugonjwa huu. Mwaka 1925 daktari wa watoto wa Sweden, Arvid Wallgren, alieleza aina ya homa ya uti wa mgongo ambayo maji ya mgonjwa yanaonyesha uvimbe, lakini ukiyapanda maabara hayatoi bakteria. Ugonjwa ukaitwa kwa kile kilichokosekana. Madaktari wakawa na folda ambayo ndani yake wanatupia kila wasichokijua. Mwaka 1934 Charles Armstrong na R. D. Lillie wa Marekani wakatoa kimoja kwenye folda hiyo, kirusi kinachobebwa na panya wa nyumbani. Lakini kirusi hicho kilieleza sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Kundi kubwa lilibaki bila jina.

Mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Katika kiangazi cha 1947 kulikuwa na polio katika jimbo la New York, na Gilbert Dalldorf pamoja na Grace Sickles walikuwa wakipima kinyesi cha watoto waliopooza. Walifanya jambo ambalo halikuwa kawaida: badala ya panya wakubwa walitumia panya waliozaliwa karibuni. Panya wachanga wakapooza, wakubwa hawakupata neno. Kilichokuwa ndani hakikuwa polio. Watoto hao walitoka mji mdogo kando ya mto Hudson unaoitwa Coxsackie, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1948 mji huo ukapata umaarufu ambao sidhani wenyeji waliuomba.

Mwaka uliofuata, 1949, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walionyesha kwamba kirusi cha polio kinaweza kukuzwa katika seli zilizowekwa kwenye chupa, hata zisizo za neva. Walipata tuzo ya Nobel mwaka 1954. Hapo kazi ikawa rahisi: chukua kinyesi, kiweke kwenye seli, ukiona seli zinakufa ujue kuna kirusi. Maabara nyingi zikaanza kufanya hivyo, na kilichofuata kilikuwa kama mafuriko. Virusi vikapatikana kila mahali, hata kwa watoto wazima kabisa wanaocheza nje. Vinaua seli ndani ya chupa, lakini havileti ugonjwa wowote unaojulikana. Sasa unaviitaje?

Mwaka 1955 kamati ya wanasayansi iliamua kuviita yatima. Jina ECHO limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya virusi vya utumbo, vinavyoharibu seli, vya binadamu, yatima. Yatima kwa sababu havikuwa na ugonjwa wa kuvizaa. Napenda sana uaminifu wa jina hilo. Ni kama kuacha maelezo ndani ya msimbo yakisema "sijui sehemu hii inafanya nini, lakini ipo".

Yatima hawakukaa sana bila wazazi. Echovirus 9 ilileta milipuko ya homa ya uti wa mgongo Ulaya na Amerika ya Kaskazini katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Nyingine zikafuata: 4, 6, 11, 30. Leo tunajua kwamba enterovirus, familia inayobeba polio, coxsackie na echo, ndizo chanzo kikubwa cha homa ya uti wa mgongo ya virusi. Zinaingia kwa mdomo, kwa mikono isiyonawa na maji machafu, zinazaliana utumboni, na mara chache zinapenya hadi kwenye utando wa ubongo. Mamia wanaambukizwa, wachache wanalazwa.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda. Virusi vilikuwa vimepewa nambari, lakini ukipata kirusi kipya kwenye chupa utajuaje ni nambari ngapi? Njia ilikuwa seramu. Unamchanja mnyama, kwa mfano farasi, kwa echovirus 4. Damu yake inatengeneza kingamwili dhidi ya namba 4. Ukichanganya seramu hiyo na kirusi chako na seli zikaokoka, basi kirusi chako ni namba 4. Zikifa, si namba 4, jaribu 5. Jaribu 6. Jaribu 7. Kila jaribio ni siku kadhaa.

Mwaka 1960 Lim na Benyesh-Melnick walileta njia ya mkato. Badala ya kupima seramu moja moja, walizichanganya katika vyungu. Mpangilio uliokuja kutumika duniani ulikuwa na seramu 42 zilizogawanywa katika vyungu vinane tu. Unapima kirusi chako dhidi ya vyungu vyote vinane kwa pamoja, unaandika vipi vilikizuia na vipi havikukizuia, kisha unasoma jedwali. Labda chungu B na F vilikizuia, basi ni namba fulani. Ndugu msomaji, hii ni biti nane! Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Watu wa virusi walikuwa wakiandika baiti kwa damu ya farasi.

Njia hiyo ilitumika kwa miongo mingi, na kila takwimu ya zamani ya milipuko imejengwa juu yake. Lakini ilikuwa na mapungufu matatu. Seramu zilikuwa na kiasi maalum, zikitumika zinapungua. Kirusi kilichobadilika kidogo kingeweza kukataa vyungu vyote, na maabara ikaandika "hakijulikani". La tatu ndilo kubwa kuliko yote: hata pale jibu lilipopatikana, lilikuwa nambari tu. Echovirus 30 ya mwaka huu na echovirus 30 ya miaka ishirini iliyopita zilipata jibu moja. Ni kama kuuliza mashine ni programu gani imewekwa ukaambiwa jina bila toleo. Haikufai.

Hata nambari zenyewe hazikuwa imara. Ukitazama orodha ya leo utaona mapengo. Echovirus 10 haipo, iligundulika kwamba si jamaa wa familia hii kabisa. Namba 28 ikahamishiwa kwenye virusi vya mafua ya kawaida. Namba 22 na 23 ziliondoka kwa sababu ya jenetiki: mwaka 1992 Timo Hyypiä na wenzake walisoma herufi za echovirus 22 wakakuta hazifanani na ndugu zake, na leo hizo mbili ziko katika kundi la parechovirus. Nambari zilizoachwa hazikupewa kirusi kingine. Yeyote aliyewahi kufuta safu kwenye hifadhidata anajua kwa nini.

Herufi ninazosema ni hizi. Enterovirus hubeba uzi mmoja wa RNA wenye urefu wa herufi kama 7,400. Faili ya kilobaiti saba na kitu. Picha moja ya simu yako ina nafasi ya mamia ya virusi. Kirusi cha polio kilisomwa chote mwaka 1981, na makundi mawili tofauti, moja likiwa la Vincent Racaniello na David Baltimore. Uzi huo unatafsiriwa kuwa protini moja ndefu ambayo baadaye hukatwakatwa vipande. Vipande vinne vinatengeneza ganda. Kile kinachoitwa VP1 ndicho kilicho wazi zaidi kwa nje, ndicho kingamwili nyingi hukishika, kwa hiyo ndicho kilichoamua jibu la vyungu vya farasi.

Mwaka 1999 Steven Oberste, Mark Pallansch na wenzao wa CDC kule Atlanta waliuliza swali la moja kwa moja: kama VP1 ndiyo inayoamua nambari, kwa nini tusiisome tu? Wakaisoma kwa virusi vyote vya mfano, wakalinganisha, na mpaka ukajitokeza. Virusi viwili vinavyofanana kwa angalau asilimia 75 ya herufi za VP1 kwa kawaida ni nambari moja. Chini ya hapo ni nambari tofauti. Wiki za kusubiri seli zife zikageuka kuwa ulinganishaji wa maandishi. Na tofauti na vyungu, maandishi hayaishi ukiyatumia. Yanawekwa GenBank na mtu wa Nairobi anayapakua bure. Nimefanya hivyo mwenyewe: programu fupi ya kuhesabu herufi zisizolingana haizidi mistari ishirini.

Njia hii ilikuwa na miaka miwili tu pale echovirus 13 ilipotokea.

E13 ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1953 nchini Ufilipino. Kielelezo chake kinaitwa Del Carmen. Baada ya hapo ilikaa kimya. Huko Marekani, ambako maabara hutuma ripoti za enterovirus kwa CDC, kati ya ripoti kama 45,000 za mwaka 1970 hadi 2000, E13 ilikuwa 65. Ni kirusi ambacho mtaalamu angeweza kustaafu bila kukutana nacho. Mwaka 2000 kikaanza kuonekana Ulaya, Ujerumani na Uingereza zikiwemo, kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2001 milipuko ikaripotiwa Marekani, katika majimbo kama Louisiana, Mississippi, Montana na Tennessee, na E13 ikawa miongoni mwa enterovirus zilizoripotiwa zaidi nchini humo. Japani pia ikaipata.

Fikiri ungekuwa kwenye dawati la CDC mwaka huo. Yapo maelezo matatu yanayowezekana. Huenda kirusi kilikuwepo siku zote na sasa watu wameanza kukitafuta. Huenda kila nchi ilikuwa na E13 yake ya zamani iliyoamka kwa bahati. Au kuna E13 moja mpya inayosafiri. Kwa vyungu vya seramu, maelezo yote matatu yanatoa jibu moja, "ni E13, asante". Usingeweza kuyatenganisha hata ungekuwa na farasi wote wa Naivasha.

Herufi zilitenganisha. VP1 za virusi vya 2000 hadi 2002, kutoka Marekani na kutoka nchi nyingine, zilifanana kwa asilimia 95 au zaidi, zikajikusanya kwenye tawi moja. Virusi vya E13 vya kabla ya 2000 vilikuwa mbali na tawi hilo. Kama kila nchi ingekuwa imeamsha E13 yake mwenyewe, ungeona matawi mengi yaliyotengana zamani. Kama ingekuwa ni macho tu yaliyofunguka, ungekuta mchanganyiko wa mpya na wa kale. Lilikuwa tawi moja, changa, limevuka bahari.

Changa kiasi gani? Hapa inasaidia kujua kwamba virusi hivi hukosea vikinakili. Kwa binamu yao polio, VP1 hubadilika kwa kiasi cha asilimia moja ya herufi kwa mwaka, kwa utaratibu wa kutegemeka hivi kwamba wataalamu huutumia kama saa. Kama E13 inakwenda kwa mwendo unaokaribia huo, matawi mawili yanayotofautiana kwa asilimia tano yaliachana miaka miwili au mitatu tu kabla. Kila moja linaongeza kosa lake, ndiyo maana unagawanya kwa mbili. Utagundua kwamba saa hiyo haikuwekwa na mtu, ni kutokuwa makini kwa kimeng'enya.

Jambo moja herufi hazikusema: kwa nini. Nimesoma watu wakidai kwamba tawi jipya lilikuwa kali zaidi. Mimi naona maelezo ya kawaida yanatosha. Kirusi ambacho hakijapita kwa miaka thelathini kinakuta watoto na hata watu wazima wengi wasio na kinga, na hao ndio kuni. Kuni zikiisha moto unazimika, na katika miaka iliyofuata E13 ilipungua tena.

Mwaka 2018 mchezo ulirudi Ulaya na namba nyingine, echovirus 30. Kati ya Januari na Septemba nchi 15 zilihesabu maambukizi 658 ya E30 katika jumla ya enterovirus 4,537, na ongezeko lilionekana hasa Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norway na Sweden. Wagonjwa hawakuwa watoto wadogo tu, wapo wengi wa miaka 26 hadi 45. Safari hii wasomaji wa herufi walikuta zaidi ya tawi moja likizunguka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hadithi ya E13 si kanuni ya kila mlipuko, na ndiyo maana inabidi usome kila mara.

Na kuna tahadhari ambayo mtumiaji yeyote wa mfumo wa kutunza matoleo ataielewa. Enterovirus mbili zikiingia seli moja zinaweza kubadilishana vipande. Ganda linabaki la huyu, sehemu za nyuma za uzi zinatoka kwa yule. Mti unaouchora kwa VP1 ni mti wa VP1, si wa kirusi kizima. Ndiyo sababu maabara zenye uwezo siku hizi husoma herufi zote 7,400.

Kwa mgonjwa aliye kitandani mambo haya yana maana ya karibu zaidi. Kipimo cha PCR hakisomi herufi zote, kinatafuta tu kipande ambacho enterovirus zote wanacho kwa pamoja mwanzoni mwa uzi, na jibu linatoka kwa saa, si kwa siku. Likisema ni enterovirus, na dalili nyingine zikikubali, daktari anaweza kusimamisha antibayotiki na kumruhusu mtoto mapema. Swali la dada yangu linajibika kabla ya jioni. Hospitali nyingi zetu bado hazina kipimo hicho kwa maji ya uti wa mgongo, kwa hiyo mtoto anamaliza dozi ya dawa isiyomhusu, na familia inalipia kitanda.

Lakini usifikiri usomaji wa VP1 haujafika kwetu. Ulifika zamani, kupitia polio. Mwaka 2013 polio ya porini ilipoingia Garissa na kupooza watu 14 nchini, herufi zilionyesha kwamba ukoo wake unarudi Afrika Magharibi, ambako Nigeria ilikuwa bado haijaumaliza ugonjwa huo. Na tarehe 21 Machi 2018 sampuli ya maji taka ilichotwa Eastleigh, Nairobi. Ndani yake kulikuwa na polio aina ya 2 iliyotokana na chanjo ya zamani, ikiwa imebadilika herufi nyingi kiasi cha kuonyesha kwamba imezunguka miaka kadhaa bila kugunduliwa. Ukoo wake ulilingana na virusi vilivyopatikana Banadir, Somalia. Hakuna mtoto wa Eastleigh aliyekuwa amepooza. Wahudumu wa afya walianza kupita mlango kwa mlango na matone ya chanjo kwa sababu ya mistari michache ya A, C, G na U iliyosomwa kutoka kwenye mtaro.